Kabla ya Vumbi, Pima Presha: Barua ya Wazi kwa Baraza la Tiba Asili

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: DAWA ZA NGUVU ZA KIUME ZINAZOUZWA MITAANI

Ndugu Mwenyekiti,



Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye kliniki ya kisukari na presha mkoani Tanga. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu wanaohusika na jambo lenyewe hawasomi nyaraka za serikali, na wengi wao hawatalitaja mbele ya mtu hata ukiwalipa.

Ombi langu nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta. Kila aliyesajiliwa na Baraza lenu kuuza dawa ya nguvu za kiume alazimike, kabla ya kumpa mteja chochote, kuhakikisha amepimwa presha, kumuuliza maswali machache nitakayoyataja, na kumkabidhi karatasi ya kwenda kupima sukari. Na ninyi wenyewe mtume watu wakanunue dawa hizo mitaani kama wateja wa kawaida, zipelekwe maabara zikaangaliwe kama hazina vidonge vya hospitali ndani yake. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini naomba hivyo.

Mwanaume akija kliniki ya sukari huja na daftari lake, anatobolewa kidole, anafungwa mkono wa presha, anavuliwa viatu aangaliwe miguu, anapewa dawa zake, anashukuru. Akifika mlangoni ndipo anapogeuka. "Sista, kuna kajambo kengine." Hapo usimkazie macho, mtazame pembeni, jifanye unapanga mafaili. Ataanza kuzunguka: kiuno kinauma, mwili hauna nguvu, mama watoto siku hizi hasemi naye vizuri. Ukimuuliza kwa adabu kama jogoo anashindwa kupanda mtungi, anacheka kicheko cha aibu na pumzi zinamtoka. Tangu lini, baba? Miaka miwili. Mitatu. Na muda wote huo ulikuwa unatumia nini? Hapo sasa orodha inafunguka: mizizi ya mzee mmoja kutoka Lushoto, magome ya kiloriti kwa kijana wa Kimasai pale stendi, alkasusi kila jioni, supu ya pweza, karanga mbichi na nazi na muhogo mbichi, na mwisho ule unga uitwao vumbi la Kongo, aliouagizia Kariakoo. Kliniki alikuja siku kidonda cha mguu kilipokataa kupona.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona mgonjwa huyu hakuwa daktari, wala hakuwa mimi. Alikuwa ni muuza mizizi. Alikuwa naye miaka miwili kabla yetu, akapokea hela yake, akamuuliza jambo moja tu: unataka ya elfu tano au ya elfu kumi?

Najua kwenu wataalamu mnao, lakini barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo nieleze kidogo. Uume husimama kwa damu. Habari ikitoka ubongoni inapita kwenye neva, zinatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, kuta za mishipa zinalegea, damu inaingia kwa wingi na kufungiwa humo isitoke. Wamarekani watatu waliofumbua kazi ya gesi hiyo mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Sasa, mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba sana, upana wake milimita 1 hadi 2. Mishipa ya moyo ina kama milimita 3 hadi 4. Sukari, presha, mafuta na sigara vikianza kukakamaza na kuziba mishipa, ile myembamba inalia mapema. Ndiyo maana mwanaume anaweza kulalamikia habari za chumbani miaka kadhaa kabla ya kulalamikia kifua. Kisukari kinaongeza na la pili, kinaharibu neva zenyewe, kama kinavyotia ganzi nyayo. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kisukari pale Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2014, uliwakuta wenye tatizo hili wakiwa zaidi ya nusu.

Nisieleweke kwamba ni ugonjwa wa Waswahili. Katika utafiti mkubwa wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa nalo, kwa kiwango kidogo au kikubwa. Kule nako watu wanaona haya. Tofauti ni kwamba wengi wao wana daktari wa familia wa kuwapima sukari na mafuta. Huku kwetu kazi hiyo ya kumwona mtu mapema tumemwachia muuza pweza.

Na kwa kuwa nimemtaja, nimmalizie. Sina ugomvi na muuza pweza. Jioni anatandika meza yake, anawasha taa, pweza mwekundu yuko kwenye sinia, kisu kidogo kinakata mkia vipande vya kuchomwa na kijiti, pilipili na chumvi pembeni, supu inamiminwa kikombeni ikiwa na ndimu. Wanaume wamezunguka wamesimama, wanataniana kuhusu nani leo nyumbani kwake hapatalalika. Pweza ni kitoweo safi, protini nyingi, mafuta kidogo. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwa kipimo kinachoaminika kwamba supu yake inasimamisha kitu kingine zaidi ya mazungumzo, ila mwenye afya akiinywa hadhuriki. Hata karanga na nazi na muhogo mbichi, mradi muhogo usiwe ule mchungu, waache watafune. Baraza lisipoteze mafuta ya gari kumkimbiza mtu wa pweza.

Wala sidharau miti. Muuguzi wa Tanga anayedharau miti hajui anakoishi. Dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu ilianzia kwenye pakanga, na Mchina aliyeifanyia utafiti, mama Tu Youyou, alipata Nobel mwaka 2015. Gome la mti wa Prunus africana, unaoota Kilimanjaro, Kenya na Kamerun, limeuzwa Ulaya miaka mingi kutengenezea dawa ya tezi dume, mpaka mti wenyewe ukaingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Hata kwenye nguvu za kiume hasa, miti ya kuzungumzwa ipo. Magharibi ya Kenya, maeneo ya Kakamega, wanatafuna mzizi unaoitwa mukombero. Waganda wanauita mulondo. Kwa sayansi ni Mondia whitei. Umejaribiwa kwa panya na kuonyesha dalili za kuvutia, lakini kutoka kwa panya hadi kwa mume wa mtu ni mwendo mrefu, na mwendo huo bado haujatembewa sawasawa. Misitu ya Kamerun, Gaboni na Kongo ina mti uitwao yohimbe. Gome lake lina yohimbini, ambayo madaktari wa Ulaya na Marekani waliwahi kuwaandikia wanaume kabla vidonge vya sasa havijatoka. Yohimbini ina nguvu, hilo halina mjadala. Inapandisha presha, inaukimbiza moyo, inaleta wasiwasi na kukosa usingizi. Mpe kijana mwenye moyo mzima, pengine atatoka jasho tu. Mpe mzee mwenye presha ya 180 ambaye hajui kama anayo, umempa nini? Muuzaji hawezi kujua, maana hakupima.

Hapa ndipo maneno "dawa ya asili haina madhara" yanaponikera, nayo yameandikwa karibu kila pakiti. Chochote kinachoweza kusukuma damu ya mtu kina upande wake wa pili. Msajili anayeruhusu maneno hayo kwenye lebo ajiulize anaruhusu nini.

Lakini mti wenyewe si hofu yangu kubwa, Ndugu Mwenyekiti. Hofu yangu ni kile kisicho mti.

Sildenafili, ambayo mitaani wengi wanaijua kwa jina la Viagra, ilitengenezwa Uingereza katika maabara za Pfizer mjini Sandwich, watafiti wakitafuta dawa ya maumivu ya moyo. Ikaruhusiwa Marekani tarehe 27 Machi 1998 kwa kazi nyingine kabisa. Ni dawa nzuri ikitumiwa na anayestahili. Vidonge vyake vinakuja vya miligramu 25, 50 na 100, na daktari anaanzia chini au katikati kulingana na mtu. Inaanza kazi kati ya nusu saa na saa moja, nguvu yake inadumu kama saa nne, na ukila chakula cha mafuta mengi kabla yake inachelewa. Sasa msikilize muuza vumbi anavyomwelekeza mteja: lamba kidogo, subiri nusu saa, na usile chipsi kwanza. Mizizi ya babu zetu ilinywewa siku saba, siku kumi na nne, asubuhi na jioni. Ni mzizi gani huu wenye saa mkononi? Simshtaki mtu. Ninachosema ni kwamba tabia hizi mimi nazijua, na ni za kidonge.

Wala sizungumzi kwa kudhania tu kwamba mambo haya hutokea duniani. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa iligundua kati ya mwaka 2007 na 2016 virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa kwa siri, na 353 kati ya hivyo vilikuwa vya kuongeza nguvu za tendo la ndoa. Vingi vilikuwa na sildenafili au dawa za ukoo wake, huku pakiti zikiwa na picha za majani.

Kwa mtu aliye mzima, kulishwa kidonge bila kujua ni utapeli. Kwa mgonjwa wa moyo kinaweza kuwa kifo. Wako wagonjwa wanaotumia dawa za jamii ya nitreti, kama isosorbaidi au kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nitreti na sildenafili zikikutana mwilini, presha inaporomoka na mtu anaanguka. Daktari aliyemwandikia nitreti amemwonya habari ya Viagra. Mgonjwa amesikia, ameogopa, na ndiyo sababu ameamua kutumia "mitishamba tu". Akiletwa usiku amezimia, mkewe anaapa kwamba mumewe hajameza kidonge chochote. Na anasema kweli anavyojua yeye. Daktari wa zamu naye, akiambiwa kifua kilimbana, anaweza kumwongezea nitreti nyingine.

Kisa kinachonikosesha usingizi zaidi ni cha Singapore. Kati ya Januari na Mei 2008 watu 150 ambao hawakuwa na kisukari walilazwa katika hospitali za huko sukari ikiwa imeshuka vibaya. Saba walibaki hawajitambui kwa muda mrefu, wanne wakafa. Baadhi yao walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume, bandia na za mitishamba, na ndani ya dawa hizo, pamoja na sildenafili, mlikutwa glibenklamidi. Hiyo glibenklamidi mimi nimeigawa miaka yote ya kazi yangu. Ni kidonge cha kushusha sukari. Tunamwambia mgonjwa asikimeze kabla hajahakikisha chakula kipo, maana sukari ikishuka mno mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, analala, haamki. Singapore ni nchi ndogo yenye maabara za kutosha, na ndiyo maana walijua. Kwetu mwanaume akikutwa asubuhi hajaamka, mtaani tutasema amefia kwa mpango wa kando, tutanong'ona wiki moja, basi.

Ndiyo maana naomba mnunue wenyewe. Sampuli anayoileta mtu ofisini kuombea usajili itakuwa safi. Nani alete chafu? Kinachotakiwa ni kile kipakiti cha karatasi ya kaki kinachouzwa jioni Manzese, Mbagala, Ngamiani, Mwanza stendi. Kugundua sildenafili kwenye unga hakuhitaji mtambo wa ajabu. Kromatografia ya safu nyembamba, kipimo kinachofundishwa vyuoni miaka mingi, inatosha kukupa shaka, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana vifaa vya kuithibitisha. Najua mtaniambia kwamba vumbi likikutwa na kidonge ndani si lenu tena, ni la mamlaka ya dawa, TMDA. Na TMDA watasema liliuzwa kama mitishamba, kwa hiyo ni lenu. Muuzaji anapita hapo katikati akiwa amebeba begi lake. Kaeni na wenzenu hao mkubaliane nani anaanza. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 haikuwaundia Baraza ili mgawane mipaka.

Nirudi kwa presha, maana kuna balaa jingine halina kidonge cha siri ndani yake. Kijiweni wanaume wanaambizana kwamba dawa za presha ndizo zinazoua nguvu. Upo ukweli kidogo humo. Baadhi ya dawa za zamani, bendrofluazaidi kwa mfano, na atenololi, zinaweza kumpunguzia mtu nguvu. Zipo nyingine ambazo kwa kawaida hazina shida hiyo, na daktari anaweza kubadilisha. Lakini mgonjwa haji kuuliza. Anaziacha kimyakimya, anahamia kwenye vumbi, presha inapanda bila mtu kuiona, na siku moja mkono wa kulia unakataa kushika kijiko. Nimewapokea wa namna hiyo. Mke ananiambia dawa zote zimejaa kabatini, hazijaguswa tangu Ramadhani. Muuza mizizi angemuuliza tu, "Baba, unatumia dawa gani za kila siku?", kisha akamwambia usiziache, rudi kwa daktari akubadilishie, angekuwa ameokoa mkono huo.

Maswali yenyewe ni machache na hayahitaji shahada. Umewahi kupima presha, na ilikuwa ngapi? Unaamka usiku kukojoa mara ngapi, na kiu je? Miguu ina ganzi? Dawa za kila siku? Kifua kinabana ukipanda mlima au ngazi? Unavuta sigara, unakunywa kiasi gani? Na lile ambalo wazee wa mitishamba walikuwa wakiliuliza tangu zamani, kabla hatujasomeshwa sisi: alfajiri ukiamka, hali ikoje? Mwanaume ambaye alfajiri mambo yake yako sawa, na usiku mbele ya mke yanagoma, mara nyingi mishipa yake haina neno. Ana madeni, ana hofu, ana ugomvi, ana msiba. Huyo kumpa gome la mti ni kumwibia.

Na hao wa namna hiyo wanazidi kuwa vijana. Kijana wa miaka 22, hana presha wala sukari, anatafuta vumbi kwa sababu amesikia wenzake wanahesabu mabao kama Simba na Yanga, na kwenye simu ameangalia picha za watu wanaolipwa kufanya vile. Anameza leo mara moja kwa majaribio. Mwezi ujao hathubutu kumgusa binti bila kumeza, ameshaamini kwamba peke yake hawezi. Hao wakija dukani, duka la dawa au la mizizi, wanapewa bila swali. Naona haya kusema ni wangapi wametibika kwa kuambiwa tu na mama mtu mzima kwamba moja linatosha.

Wake nao nisiwaache, maana wateja wa dawa hizi ni pamoja na wao. Mke anahisi mume ana nyumba ndogo, kumbe ana sukari. Somo aliyemcheza unyagoni anamwelekeza tende na maziwa, asali, tangawizi, habbat soda. Hayo hayana neno, labda tende na asali kwa mwenye sukari. Lakini siku hizi somo naye ana pakiti mkobani, na mke anaitia kwenye uji wa mume kimyakimya ili asimwaibishe. Mume mwenye vidonge vya moyo anakunywa uji akiwa hana habari. Mnaonaje hapo?

Mtaniuliza, na sisi wa hospitali je? Swali la haki. Mwanaume anakimbilia kwa muuza mizizi kwa sababu kule anakaa kigodani na mwanaume mwenzake, wanaongea wanavyotaka, na muda upo. Kwenye kliniki moja niliyofanyia kazi chumba kilikuwa kimoja, wagonjwa watatu wanahojiwa kwa pamoja, na binti wa mafunzo kwa vitendo anauliza kwa sauti, "Baba, tatizo lako nini?" Nani ataeleza? Tuliomba pazia. Pazia lilichukua muda kuliko jengo. Kwa hiyo siwaambii mfunge meza za mizizi. Mkizifunga, mgonjwa huyu hatakuja kwetu, atanunua gizani. Nataka meza hizo zitumike, kwa kuwa ndizo anazozifikia bila kuona haya.

Na kama Baraza linatafuta tiba ya asili yenye ushahidi ya kuweka kwenye mabango yake tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, ipo moja. Napoli, Italia, watafiti waliwachukua wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Nusu yao walisimamiwa kwa karibu wapunguze uzito kwa chakula na mazoezi, nusu wakapewa maelezo ya jumla tu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Baada ya miaka miwili, katika wale 55 waliosimamiwa, 17 nguvu zao zilikuwa zimerudi. Katika kundi la pili walikuwa 3. Hakuna vumbi. Chakula cha mpangilio na mazoezi. Najua haiuziki, maana hakuna anayeweza kuifunga kwenye kipakiti.

Pingamizi lenu la kwanza litakuwa kwamba waganga si wauguzi. Kipimo cha presha cha betri kinajisoma chenyewe. Anayeweza kusoma bei ya jumla na rejareja anaweza kusoma 170. Wala si lazima apime yeye. Nendeni stendi ya Kange mjini kwetu. Kuna kijana wa mizani, anapima watu uzito na presha kwa hela kidogo. Hatua kumi kutoka kwake ameketi mzee wa mizizi, chupa zimepangwa juu ya turubai. Mteja anapita katikati yao kila siku. Watu hao wawili hawajawahi kupelekeana mgonjwa hata mmoja.

La pili, kwamba wengi hawajasajiliwa, na akina "daktari kutoka Kongo" wanaobandika karatasi kwenye nguzo za umeme hawatawatii. Huku wanajiita wa Kongo au Nigeria. Ukivuka Horohoro ukafika Mombasa, kwenye nguzo utakuta daktari kutoka Tanga. Hao sina dawa yao, ni kazi ya polisi. Lakini mnao waratibu wa tiba asili kwenye halmashauri, na mnao waganga wenye vyeti wanaojiheshimu. Hao wakianza kupima, mteja atapata kigezo. Ataanza kumshangaa anayeuza bila kupima, kama anavyomshangaa leo anayechoma sindano iliyotumika.

Nimeshazungumza na wale wawili wa Kange. Wa mizani yuko tayari, anasema wateja wakiletwa kwake hawezi kukataa. Mzee wa mizizi naye hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali maswali, akasema hilo la alfajiri yeye analiuliza siku zote. Anachotaka kujua ni hiyo karatasi ya kwenda kupima sukari ataichapisha nani, na kama mteja akifika nayo zahanati atapokewa au atafukuzwa kwa kuwa imetoka kwa mganga. Sikuwa na jibu. Nawaletea swali lake kama alivyoniuliza, na nitashukuru mkilijibu kwa maandishi ili nimpelekee.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Tanga.

Nakala:
Waratibu wa Tiba Asili, Halmashauri zote
TMDA
Wenye maduka ya dawa
Masomo na makungwi, popote walipo